Siku Nilipogawa Machungwa ya Baba Mkubwa

Mie Mwanaidi nimewahi kutangazwa kwenye kipaza sauti cha msikiti, na si kwamba nilikuwa nimepotea, wala sikuwa nimefariki. Lilitajwa jina langu, likatajwa jina la marehemu baba yangu, likatajwa na kosa langu, Jumamosi mchana kweupe, mtaa mzima kule Chanika ukisikiliza. Na katika wote waliosikia kulikuwa na mtu mmoja ambaye ningetoa chochote asisikie. Nimekaa na aibu hii mwaka na ushee, nimeisimulia nusunusu, kila nikifika sehemu fulani nacheka ili nisilie halafu nabadilisha mada, ila leo naisema yote, na nyie mkitaka kucheka chekeni tu, maana kuna sehemu hata mie mwenyewe nachekaga.

Baba Mkubwa Kondo alikuwa kaka yake baba yangu, wamepishana miaka miwili na wamefanana mpaka kikohozi. Ujana wake wote alibeba mizigo bandarini, na alipostaafu wenzake wakawa wanajenga vyumba vya kupangisha, yeye akaenda kununua pori Chanika (enzi zile ukisema unahamia Chanika watu wanakuuliza utarudi lini mjini) akalifyeka kwa mkono wake, akapanda michungwa. Siku hizi pori lote limekuwa nyumba za tofali na mageti ya rangi, shamba la Baba Mkubwa likabaki katikati kama kipande cha zamani ambacho watu walisahau kukiondoa. Majirani wote walikuwa wanamfahamu kwa machungwa yake. Yalikuwa matamu, tena hakuwa mchoyo, mwenye shughuli yake akimwendea anarudi na tenga.

Baba yangu alipokuwa hai, kila msimu wa kuvuna tulikuwa tunakwenda familia nzima, hakuna wa kulipwa, ni kujitolea tu, tunavuna, tunakula, tunarudi tumechubuka mikono kwa miba. Baba alipofariki nikaacha. Si kwa ubaya, ila kumwona Baba Mkubwa akiinama chini ya mti na mgongo ule ule wa baba kulikuwa kunanitoa machozi, basi kila msimu nikawa na sababu, mara kazini kuna mizigo imeingia, mara naumwa, na miaka sita ikapita hivyo. Hata Baba Mkubwa alipopata kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito, nilikwenda kumwona hospitali mara moja tu, nikakaa robo saa, nikaondoka.

Sasa mwaka ule Mama Mkubwa, mkewe, akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia. Akasema, "Wanangu, machungwa yameiva na mie na Hamisi hatuyawezi peke yetu. Njooni mnisaidie. Baba yenu anataka ayaone yakitoka shambani mwaka huu." Hakusema zaidi, lakini kila mmoja alisikia alichokiacha. Hamisi ni mtoto wao, ndiye aliyebaki nyumbani kulea wazazi na shamba.

Nani alikuwa wa kwanza kujibu? Mie. Nikaandika, "Nakuja na timu!" na vile vikatuni vya kukunja ngumi. Ndugu wengine wakaniombea dua, wakasema hongera dada, wao mmoja ana msiba, mwingine ana mtoto mgonjwa, mwingine kimya hadi leo. Kwa hiyo nikawa shujaa wa grupu kabla sijagusa hata jani.

Timu yenyewe ilikuwa watu wawili ninaofanya nao kazi ghalani Mikocheni. Kuna Jackie, ambaye ana kigari chake, na kuna Dula, mtu wa stoo, mwili jumba lakini muoga wa sindano. Niliwajaza maneno wiki nzima kwamba mie ni mtoto wa shamba, nimekulia kwenye michungwa, waje waone. Tukatoka asubuhi, tukapita Pugu na madirisha wazi, mie nimevaa kofia ya majani niliyoinunua makusudi kwa ajili ya picha. Naomba mnielewe hapo. Kofia niliwaza, zawadi ya mgonjwa sikuwaza.

Tulipofika, Baba Mkubwa alikuwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, shuka miguuni, kapungua mpaka shati linamuelea. Nikapiga goti, "Shikamoo Baba Mkubwa." Akanishika kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akataka kuitikia, ikatoka sauti tu isiyo na umbo, halafu machozi yakamtoka. Mama Mkubwa akasema, "Usishtuke mwanangu, anafurahi. Siku hizi akifurahi analia." Mie nikainuka upesi nikasema jua linapanda jamani, tuonyesheni kazi. Nilikuwa nakimbia tena, kama nilivyokimbia hospitali, tofauti ni kwamba safari hii nilikimbilia kwenye michungwa.

Mama Mkubwa akatupeleka shambani kutuelekeza. Hapa naomba mtulie, maana uharibifu wote ulizaliwa hapa, na ulichukua kama dakika mbili. Yeye anaelekeza kwa kidole, mstari huu, mstari ule, na mie niko nyuma yake na simu nampiga Jackie video amebeba ngazi begani, maana ilikuwa imetoka vizuri kweli, jua limepita kwenye majani. Katika maneno yote ya Mama Mkubwa nilidaka matatu: "kule nyuma", "vitambaa", na "Hamisi". Mengine yalipita na upepo. Akageuka.

"Umenisikia lakini, Mwanaidi?"

Ningeweza kusema hapana. Ila Jackie na Dula walikuwa wananitazama, mie mtoto wa shamba, nitaanzaje kuuliza upya kama mgeni?

"Nimekusikia, Mama Mkubwa. Usiwe na wasiwasi."

Akaenda zake ndani kumuosha mumewe na kutupikia. Hamisi hakuwepo, alikuwa amekwenda kuchukua magunia na kumuona mtu wa lori ambaye angekuja jioni kubeba mzigo.

Basi nikaiongoza timu yangu kule nyuma. Na kweli kulikuwa na mstari mmoja wa michungwa imefungwa vitambaa vyekundu, vipande vya kanga kuukuu, kila shina na chake. Imezaa mpaka matawi yameinama.

Jackie akauliza, "Hivi vitambaa ni vya nini?"

Nikajibu bila kupepesa jicho, "Ndo alama hiyo. Iliyoiva vizuri inafungwa, tunaanza nayo."

(Nilijibu vizuri sana. Mpaka leo nikikumbuka sauti yangu nashangaa, yaani ilikuwa sauti ya bwana shamba kabisa.)

"Mbona kama inanuka dawa?"

"Harufu ya shamba hiyo, we mtoto wa Mikocheni." Kana kwamba mie nimeshuka kutoka mlimani.

Tukavuna. Nisiseme uongo, ilikuwa asubuhi nzuri. Tulichuma kwa mikono, ya juu tukayafuata kwa ngazi, Dula anachuma moja anakula moja, anayanyonya na maganda yake bila kuosha, anajifutia mdomo kwa bega la fulana. Mikono ilinichubuka kama zamani na kwa mara ya kwanza tangu baba afe nikasikia kitu kama amani, nikawa najiuliza kwa nini nilikaa mbali miaka yote ile. Nikarekodi na hilo pia, nikaliweka mtandaoni watu walione.

Kwenye saa nne na nusu hivi likaingia guta kwa njia ya nyuma, limempakia mama mmoja mnene mwenye hina mpya mikononi. Akajitambulisha kuwa ni Bi Rehema, dada yake Mama Shani wa nyumba ya tatu, na kwamba leo Shani anaolewa, nikaha ni baada ya adhuhuri, na Mzee Kondo aliwaahidi matenga mawili ya machungwa kwa ajili ya juisi ya wageni. Nikapaza sauti kuelekea jikoni, "Mama Mkubwa, wamekuja wa harusini!" Naye akajibu kutoka ndani, "Wape mwanangu, Baba yako kawaahidi!" Alijua tunavuna mbele, angejuaje vingine? Tukawapa matenga mawili. Halafu mie nikaona haitoshi, nikaongeza la tatu, nikamwambia Bi Rehema hili mlipeleke msikitini, wanaume wakitoka kwenye nikaha wale, na muwaambie limeletwa na Mwanaidi binti Rajabu, mtoto wa mdogo wake Mzee Kondo. Nilimtajia jina mara mbili ili asikosee.

Hakukosea.

Hamisi alirudi adhuhuri imeshaadhiniwa. Nilimuona akija kati ya miti na magunia begani, anatabasamu, tulikuwa hatujaonana siku nyingi. Alipoufikia ule mstari tabasamu likakatika kama taa. Akatazama matawi matupu, akatazama vitambaa, akanitazama mie.

"Nani kavuna hii?"

"Sie," nikasema, bado nangoja kusifiwa.

"Mama hajakwambia?"

Nikatazama vitambaa.

"Mwanaidi, mama hajakwambia? Hii nimeipulizia dawa ya wadudu juzi. Haiguswi wiki mbili. Ndo maana nimefunga vitambaa. Machungwa yako wapi?"

Nyuma yangu nikasikia Dula anakaa chini, pu, kama gunia. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika nane, akasema kwa sauti ndogo, "Mie nitakufa?"

Nikasema, "Harusini. Na msikitini."

Hamisi akashika kichwa. Lakini Hamisi ni mtu wa akili, alijituliza pale pale akanishika mabega. "Sikiliza. Ngoja nimnawishe huyu kwanza, halafu mie nawahi msikitini. Wewe nenda kwa Mama Shani, umwite pembeni, mwambie taratibu wayatoe, na juisi imwagwe. Taratibu, umesikia? Usiwatie watu hofu."

Nikasema nimesikia. Nikatoka mbio.

Njiani kandambili moja ikakatika, nikaiacha. Nikafika chini ya turubai nimejaa vumbi, nywele zimetimka, mguu mmoja peku, na pale wanawake mia na zaidi wamevaa madera ya sare rangi ya zambarau, muziki uko juu, na juu ya meza naona ndoo mbili za juisi ya njano na vikombe vinatembea mikononi. Vinatembea! Nikamtafuta Mama Shani, simjui sura. Nikamshika mmoja mkono nikamwambia, hakusikia kwa muziki. Nikamshika wa pili, akadhani nataka kucheza, akanizungusha. Mbele yangu nikaona mama mjamzito anapeleka kikombe mdomoni, na hapo akili ikaniruka. Mshehereshaji alikuwa amesimama karibu na kipaza sauti chake, nikampokonya.

"Jamani msinywe juisi! Ina sumu! Msinywe, ina sumu!"

Hamisi alisema dawa. Mie nikasema sumu. Na wala sikusema mara moja.

Sitaki kuwaeleza sana ile fujo, wenyewe mnajua watu mia wakiambiwa wamekunywa sumu wanakuwaje. Viti vilianguka, ndoo zikapinduliwa, mtu anatapika hapa, mwingine anapiga kelele aletewe maziwa, mwingine kazimia kwa woga na kikombe chake hakijaguswa. Biharusi akatoka ndani mbio, hina mpaka kiwiko na rangi zote usoni, analia, "Mama kanywa? Mama yangu kanywa?" Na Mama Shani, ndio nikamjua sasa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe kitupu mkononi. Yeye ndiye aliyeionja juisi kuipima sukari. Akaniangalia, wala hakupiga kelele. Akasema, "Mwanangu, mie nimekukosea nini?"

Nikafungua mdomo na kabla sijasema neno kikakoroma kipaza sauti cha msikiti. Kuna mtu alishapiga simu, habari ikamtangulia Hamisi.

"Tangazo. Tangazo. Yeyote aliyepata machungwa kutoka shamba la Mzee Kondo asiyale, yana sumu. Machungwa hayo yameletwa na Mwanaidi binti Rajabu, mtoto wa mdogo wake Mzee Kondo. Narudia."

Na kweli akarudia.

Siwalaumu hata kidogo, walifanya linalotakiwa, waliokoa watu. Jina nililipeleka mwenyewe.

Tuliwapakia wanawake watano kwenye kigari cha Jackie na bajaji, na Dula akiwa wa sita, tukawapeleka zahanati. Mungu ni mwema, hakuna aliyedhurika sana. Mmoja alitapika kweli kwa dawa, wengine tumbo liliwakata kidogo na hofu ikafanya iliyobaki. Waliambiwa wanywe maji mengi, wakakaa wakiangaliwa, na alasiri wote wakaruhusiwa. Dula alichomwa sindano na akalia mbele ya watu, ndiyo ile sehemu ninayochekaga. Lakini harusini nilikuta pilau imekaa kwenye masinia, imefunikwa, hakuna aliyeigusa. Watu walikuwa wameogopa kila kitu, hata maji. Wageni waliondoka na njaa, mmoja mmoja, bila kuaga vizuri, na bwana harusi alimchukua mkewe macho yamemvimba.

Nikarudi nyumbani kwa Baba Mkubwa natembea peku miguu yote sasa. Nilijua msikiti uko karibu na kwamba pale barazani sauti inafika safi, kila siku anasikia adhana akiwa amekaa pale pale. Nikamkuta Mama Mkubwa amepiga magoti mbele ya kiti anamfuta uso kwa ncha ya kanga, naye anarudia sauti moja, anairudia, mkono wake mzima unapiga gurudumu.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mama Mkubwa hakunitazama. "Anauliza kama kuna mtu aliyekufa."

Nikamwambia hapana Baba Mkubwa, hapana, wote wazima. Akafumba macho, akatulia kidogo. Halafu akaanza tena, sauti nyingine, na kupiga gurudumu tena, na Mama Mkubwa akasema, "Anataka apelekwe kwa Mama Shani."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Hamisi alikuwa bado msikitini akiwaomba radhi wazee. Kwa hiyo kiti nikakisukuma mie. Nyumba ya tatu ni karibu, lakini Chanika ni mchanga, magurudumu yanazama, unasukuma unasimama, unasukuma unasimama, na watu wametoka kwenye mageti yao wanatutazama. Hakuna aliyesogea kusaidia. Huyu ni mtu ambaye walikula machungwa yake miaka yote na walikuwa wanamwita babu, na sasa wanamtazama kama amebeba ugonjwa. Shingo yake ilikuwa mbele yangu, nyembamba, na mgongo ule ule. Nililia njia nzima na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Kwa Mama Shani walikuwa wanakunja turubai. Akatoka Mzee Athumani, mumewe, na Mama Shani akabaki mlangoni. Watu wakakusanyika. Baba Mkubwa akainua mkono wake wa kushoto, akaanza kusema. Alisema maneno mengi, kwa jitihada, mate yanamtoka, shingo imemkaza, na hakuna aliyeelewa hata moja. Nyuma kukawa na mtu aliyecheka, kicheko kidogo cha kubana. Mama Mkubwa alikuwa ameachwa nyuma kwenye mchanga, anatufuata kwa miguu yake mibovu, na Mzee Athumani akanitazama mie. "Anasemaje, binti?"

Na la ajabu ni kwamba nilikuwa nimeelewa. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa nasikiliza. Nilielewa na nikatamani nisingeelewa.

"Anasema..." Baba Mkubwa akageuza kichwa akanitazama, akanipigia gurudumu, sema.

"Anasema mtoto hakujua. Anasema shamba ni lake, na kosa ni lake. Anaomba mumsamehe yeye."

Nilitaka kuongeza, si kweli, niliambiwa, niliambiwa nikasema nimesikia. Lakini Baba Mkubwa alikuwa ameshanyoosha mkono, na Mzee Athumani ameshaupokea kwa mikono yake miwili, anasema, "Yamekwisha kaka yangu. Yamekwisha." Mama Shani pale mlangoni akageuza uso akaingia ndani. Nami nikaacha mtu mgonjwa, asiyeweza kusimama, abebe kosa langu mbele ya mtaa mzima. Kati ya yote niliyofanya siku ile, hilo la kunyamaza ndilo linaloniamsha usiku.

Jioni mtu wa lori akapiga simu kwamba haji. Alishasikia. Hamisi akamwapia kwamba miti mingine yote ni safi, haijaguswa na dawa, wapi. Na si yeye tu, hakuna aliyetaka machungwa ya Mzee Kondo msimu ule. Yakaanza kuanguka yenyewe. Ukikaa barazani unayasikia, pu, kimya, pu, na Baba Mkubwa kila likianguka anageuza macho upande ule.

Nilikwenda kila Jumamosi baada ya hapo. Simu naiacha kwenye begi. Nilikuwa naokota yaliyooza nayafukia na Hamisi, hatuongei sana. Jumamosi moja Baba Mkubwa akaonyesha kwa kidole mti wa mbele, ule usio na kitambaa, nikachuma moja, nikaliosha, nikalimenya lote, nikampa kipande kwa kipande. Alikula polepole, maji yanamtiririka kidevuni, namfuta. Halafu akasema kitu, na nikaelewa: "Wewe je?" Nikasema nimeshiba Baba Mkubwa. Akafunga mdomo, akakataa kipande kilichofuata. Akanitazama tu. Ikabidi nile. Nilipomeza, akafungua mdomo akaendelea na lake. Nilimwambia siku ile, kwa kunong'ona, kwamba Mama Mkubwa alinielekeza na mie sikusikiliza, na nilidanganya. Akalia. Sasa sijui, maana ndiye yule wa kulia akifurahi na kulia akiumia, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza ni lipi.

Alifariki kabla msimu haujaisha. Watu wa mtaa walikuja kumzika, wengi, Mzee Athumani alikuwa mmoja wa waliolishika jeneza. Mama Shani hakuja. Katika wanawake tuliokaa chini pale ndani kuna mmoja akanigeukia, kwa upole kabisa, akauliza, "Samahani, wewe ndo yule Mwanaidi?" Nikasema ndiyo, ndo mie. Akasogea kidogo, kunipa nafasi, au kupata nafasi yeye.

Mwaka huu Hamisi amekata nusu ya shamba viwanja. Kabla hajakata aliniuliza nasemaje, kama mtoto wa marehemu Rajabu, maana baba yangu alisaidia kupanda. Moyoni nililia usikate kaka, usikate hata mmoja. Mdomoni nilisema sawa, maana nilijiona sina uso wa kusema neno juu ya michungwa ile. Mama Mkubwa hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ningependa anitukane. Ananiambia tu, "Umekula, mwanangu?"

Basi ndiyo hivyo. Kazini sasa hivi wananiona mzito wa kichwa, bosi akinituma kitu namwambia rudia, akirudia namsomea mwenyewe nilichosikia, na kama sijaelewa namwambia sijaelewa, wageni wawepo wasiwepo, wacheke wasicheke. Nimejiapiza hivyo na sivunji. Siku ile ingenigharimu nini? Jackie angenitania kidogo. Mama Mkubwa asingekasirika, angenyoosha tu kidole akasema tena, kwa sauti ile ile, mwanangu yenye vitambaa msiiguse, na Baba Mkubwa angezikwa na jina lake likiwa zima.